Naibu Aliyeuliza Nani Amesaini

Ukimpelekea Naibu habari yoyote, hata ya ng'ombe aliyezaa, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani amesaini?" Mama huyu alikuwa naibu wa chifu kwetu Sori, kando ya ziwa, kwa miaka mingi, na sisi sote, wazee kwa watoto, tulimwita Naibu tu, kana kwamba alibatizwa hivyo. Ungemwambia mvua inakuja kutoka upande wa Tanzania, angeinua macho kutoka kwenye kikombe chake cha uji na kuuliza nani amesaini. Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa msichana wa kucheka na sijaacha kabisa.

Lakini kwa muda mrefu sikucheka naye, na sababu niiseme mapema. Miaka kadhaa iliyopita magaidi walishambulia jengo moja refu jijini Nairobi, jengo ambalo kaka yangu Ochieng' alikuwa anasafisha sakafu zake. Siku iliyofuata Naibu alikuja ufuoni akatusomea taarifa ya serikali kwamba wafanyakazi wote wa jengo wako salama. Ochieng' hakuwa salama. Na mimi niliamini, miaka yote hiyo, kwamba Naibu alijua wakati anasoma.

Nataka kumwandika alivyokuwa, nisimwongezee wala nisimpunguzie. Si rahisi. Mtu ukimshuku muda mrefu, unaanza kuona hata viatu vyake vina siri.

Viatu vyake vilikuwa vyeusi vya kufunga kamba, vya kiume, na alivipiga rangi kila asubuhi ingawa hatua kumi nje ya mlango kulikuwa na mchanga na magamba ya samaki. Sare yake ya kaki ilipigwa pasi ya makaa mpaka mikunjo ikasimama. Mkoba wake wa ngozi ulikuwa na vitu vitatu: betri za kipaza sauti, njugu za kukaanga kwenye karatasi, na kalamu mbili, moja ya kuazimisha na moja ya kutoazimisha. Kipaza sauti chenyewe kilikuwa cha mkononi, kile chenye king'ora. Watoto walimfuata wakiomba akilize. Alikuwa akikiliza king'ora mara moja tu, kifupi, kisha anamwangalia mtoto kama aliyepewa mali ya umma.

Taarifa za serikali siku hizi hutumwa kwa simu. Naibu hakusoma kitu kutoka kwa simu mbele ya watu hata siku moja. Ikifika, alitembea mpaka duka la kompyuta pale stendi, ikatolewa kwenye karatasi, akairudisha ofisini kwa chifu, akamtaka atie saini na muhuri. Chifu alikuwa akilalamika.

"Naibu, si maneno ni yaleyale?"

"Maneno ni yaleyale, mkubwa. Lakini simu ikipotea, nani alisema?"

Kisha alikuja ufuoni, kwenye banda la kupimia samaki, akapanda juu ya sanduku la mbao na kusoma. Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Kwanza Kiswahili, kama kilivyoandikwa, neno kwa neno, bila kupamba. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Baada ya hapo alishusha karatasi, akavua miwani na kuyasema yote tena kwa Dholuo, lugha yetu ya nyumbani. Kwetu Kiswahili ni cha soko na cha ofisi. Wazee wengi, na mama yangu miongoni mwao, wanakijua cha kuuzia samaki tu, cha ongeza kidogo na hiyo ni bei gani. Kwa hivyo ile sehemu ya pili ndiyo iliyongojwa.

Kipindupindu kilipokuja, karatasi ilikuwa na mistari minne. Dholuo yake ilichukua karibu saa nzima. Alitaja nyumba kwa nyumba, akimwita kila mama kwa jina la mtoto wake.

"Min Awuor, choo chako kimejaa tangu Pasaka, usinitazame hivyo, nimepita nikakiona. Na ninyi wa mashua, ziwa si birika. Nani amekunywa maji ya ziwa leo asubuhi? Inua mkono. Inua, sitakukamata, nitakuzika."

Mikono ilipanda. Hivyo ndivyo alivyokuwa.

Lakini kulikuwa na siku ambazo hakufika sehemu ya pili. Siku ilipoletwa taarifa kwamba barabara yetu itawekwa lami hivi karibuni, alisoma Kiswahili, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mkobani na kuanza kushuka. Mvuvi mmoja mzee akamwita, "Naibu, na ya Dholuo?"

"Ya Dholuo haijafika," akajibu, akaenda zake.

Banda zima lilicheka. Mimi nilifikiri ni uchovu, au njaa. Ikawa mzaha wa ufuoni: mume akiahidi kitu nyumbani, mke anasema ya Dholuo haijafika.

Mimi nilikuwa naanika omena, wale dagaa wa ziwa letu, na mama yangu, na shule nilikuwa nimeiachia kidato cha pili. Ndoto yangu ilikuwa kusoma habari redioni. Nilijizoeza kwa mwiko, nikiwatangazia kuku. Naibu alinisikia siku moja akipita, akasimama nje ya uzio mpaka nikamaliza habari za michezo, na tangu siku hiyo akaniita Redio. Aliniambia nije jioni nisikilize yake, kubwa, ya betri sita, iliyokaa dirishani ikielekezwa ziwani. Nilikaa ngazini pake jioni nyingi sana. Sijui kama nimewahi kuwa na mwalimu mwingine.

Alisikiliza redio kama mtu anayenunua samaki, akifungua shavu kuangalia wekundu.

Mtangazaji angesema hali imedhibitiwa.

"Redio, nani ameidhibiti?"

"Serikali."

"Imesemwa serikali?"

"La. Imesemwa tu imedhibitiwa."

"Basi hujui. Endelea."

Mtangazaji angesema washukiwa kadhaa wanahojiwa.

"Kadhaa ni wangapi?"

"Watatu? Wanne?"

"Unabahatisha. Huyo hajahesabu, au amehesabu akaogopa. Na 'uchunguzi umeanza', umeanza saa ngapi, na mambo yalitokea saa ngapi? Katikati hapo walikuwa wanafanya nini?"

"Naibu, kwa hivyo wanadanganya?"

"Sijasema hivyo. Wakati wa hofu mtu husema kile anachotaka kiwe. Hata wewe." Alitafuna njugu. "Chunga sana neno 'wote'. Mtu akikuambia wote, muulize orodha iko wapi na nani aliiandika."

Nilidhani nimelishika somo hilo. Nilikuwa na daftari, nikaliandika, nikapigia mstari.

Sasa mwanamke wa namna hiyo ungetarajia aichukie serikali. Wapi. Sikukuu ya taifa alisimama wima mbele ya bendera ya ofisi hata kama waliohudhuria walikuwa mbuzi watatu na karani. Ukimsema rais vibaya mbele yake alinyanyuka. Aliipenda serikali kama unavyompenda shemeji mwongo: unampikia, unamtandikia kitanda, na usiku simu yako unailalia. Nilipomuuliza anawezaje kuitumikia huku haamini inachosema, alishangaa kweli. "Nisipokuwepo mimi," akasema, "karatasi zitasomwa na mtu anayeziamini."

Kabla ya shambulio letu kulikuwa na lingine, la mbali zaidi, ambalo halikumgusa mtu tuliyemjua. Likaja agizo: manaibu wote waandike wageni wanaoishi katika maeneo yao. Naibu alilisoma bandani. Kwa Dholuo alilisema kwa sentensi moja. Macho yakaanza kutembea, moja baada ya jingine, kuelekea duka la vitambaa ng'ambo ya barabara. Mwenye duka alikuwa mzee Mwislamu aliyetoka kaskazini zamani, kabla mimi sijazaliwa. Anapatana bei kwa Dholuo safi kuliko yangu. Alikuwa amewakopesha sanda nusu ya watu wa ufuo ule.

Kijana mmoja wa mashua akasema, "Naibu, anza na yule. Sisi hatujui usiku anaongea na nani kwa simu."

"Wewe usiku unaongea na nani?" Naibu akamuuliza.

"Mimi ni wa hapa."

Naibu akatoa kalamu ile ya kutoazimisha. "Wageni. Sawa. Wa kwanza ni mimi. Mimi ni nyar Kendu, nimezaliwa Kendu Bay, nilikuja hapa kuolewa." Akaandika jina lake kwa sauti. "Wake wengine waliotoka nje, nyoosheni mikono niwaandike." Mikono ya wanawake ikajaa banda, vicheko vikaanza, kijana akatukanwa na mama yake mwenyewe, ambaye naye ni mgeni, kwao ni Masara.

Hapo ningekomea, ingekuwa hadithi tamu. Lakini nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona. Mwisho wa orodha, bila kusema, aliliandika na jina la mwenye duka. Nilimfuata njiani.

"Naibu, mbona umemwandika?"

"Nisipomwandika mimi ataandikwa na mwingine. Huyo mwingine hataandika kwamba amekaa hapa miaka yote na hajagombana na mtu."

Akaingia dukani moja kwa moja, akaomba mita moja ya kitambaa cha maua ambacho sijamwona akikishona mpaka leo. Mzee akailaza mita yake ya mbao mezani, akakata, akakunja, polepole.

"Naibu, umeniandika?"

"Nimekuandika."

"Umeandika nini?"

"Ninachokijua."

"Na nani amesaini?"

"Mimi."

Mzee akafungua tena kitambaa, akamwongezea nusu mita. Mimi nilibaki mlangoni sijui niamini yupi kati ya wale Naibu wawili, aliyechekesha watu au aliyeandika jina kimyakimya. Nadhani shaka yangu ilianzia pale, ndogo, kama mchanga katika omena.

Sasa ile siku.

Shambulio lilitokea Alhamisi. Ijumaa asubuhi simu ya Ochieng' ilikuwa bado inasema mteja hapatikani. Picha zilikuwa zinapita kwenye simu za vijana, moshi, watu wakikimbia na viatu mkononi, na kila mtu alikuwa na picha yake na maelezo yake. Mama yangu alikuwa amekataa kuziangalia. Alikuwa anaanika omena. Alizitandaza, akazikusanya, akazitandaza tena, zilikuwa zimeshakauka. Si sisi peke yetu. Ufuo wetu una watoto wengi jijini, na tangu alfajiri wanawake walikuwa wanalia na kunyamaza kulingana na simu iliyopokelewa.

Nilimwona Naibu nyuma ya ofisi ya chifu akiongea kwa simu na watu wa juu. Alikuwa anaitikia kwa kichwa. Hilo nililiweka akilini baadaye kama ushahidi wa kwanza. Wa pili: alipokuja bandani hakuleta kipaza sauti. Wa tatu: hakumtazama mama yangu, ambaye alikuwa mstari wa mbele, na walikuwa marafiki.

Akapanda sanduku. Akasoma kwamba operesheni imekamilika. Kwamba wananchi watulie na wasisambaze picha ambazo hazijathibitishwa. Kwamba wafanyakazi wote wa jengo hilo wamehesabiwa na wako salama. Kwamba majina ya walioathirika yatatolewa baada ya familia kuarifiwa. Akaikunja karatasi mara nne.

Mama akanivuta mkono wa blauzi. "Amesema nini?"

Nikainama nikamwambia sikioni.

Sijawahi kuona uso ukifunguka hivyo. Alikaa chini palepale mchangani, akacheka, akanishika mguu, akacheka tena. Nilicheka naye.

Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikamwanguka. Alitoa sadaka kuku mweupe, yule tu aliyekuwa anataga. Waliokuwa bado hawajapata simu za watoto wao walimtazama, nami usoni mwao, nilipodhani nitaona furaha, nikaona wivu.

Jumanne tukapigiwa simu kutoka jijini.

Ochieng' alikuwa ameajiriwa na kampuni ya usafi, si na jengo. Wafanyakazi wa jengo ni wale wenye beji ya jengo. Yeye alikuwa na aproni ya kijani. Hakuwa kwenye orodha iliyohesabiwa, kwa hivyo hakukosekana. Baadaye bwana mmoja mpole alituelezea hayo ofisini jijini, kwa sauti ya chini, akatupa maji ya chupa. "Taarifa ilikuwa sahihi," akasema. "Ila ilieleweka vibaya."

Mchungaji mwenyewe alimrudisha kuku, amembeba kwapani. Mama hakumruhusu aingie bomani. Yule kuku aliishi kati ya kwetu na kwa jirani, akitaga mayai vichakani, hakuna aliyemchinja.

Watu walipouliza ilikuwaje, mama alisema, "Naibu alisema mtoto wangu yuko hai." Alilisema huku akitazama sufuria, au mchanga, au mikono yake. Ufuo uliamini, kwani wengi walikuwepo. Wanawake wakaacha kumsogezea Naibu nafasi kwenye benchi la banda. Alikuja, akakuta benchi limejaa viuno, akasimama. Mzaha wa Dholuo haijafika ukafa.

Siku ya mazishi ilikuja karatasi ya rambirambi kutoka juu. Naibu aliisoma kwa Kiswahili, akaikunja. Sauti ya mwanamume ikatoka nyuma, nzito, "Na ya Dholuo?" Safari hii hakuna aliyecheka. Naibu alivua kofia yake ya kazi. "Naombeni radhi," akasema, "ya Dholuo sina."

Nilimchukia hapo. Nilijiambia, hata neno la kufariji anatunyima. Niliacha kwenda ngazini kwake. Nikikutana naye njiani nilianza ghafla kutafuta kitu mfukoni. Nami nilianza kushuku kila kitu, kwa bidii, kama mtu aliyepata kazi mpya: kampuni ya simu, kwamba ilizima laini makusudi, bwana mpole na maji yake, mchungaji, kwamba alijua tangu Jumapili. Usiku nilijenga kesi ya Naibu, ushahidi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alijua. Aliambiwa atulize watu, akatutuliza. Ilikuwa kesi nzuri sana. Kitu kimoja tu sikuwahi kukitia ndani, na hata sikujua nimekiacha.

Alistaafu bila sherehe, akahamia Kendu Bay kwa binti yake. Mimi ndoto yangu ilinivuta mpaka Homa Bay, ambako kituo kidogo cha redio kilinipokea. Kituo hicho ni vyumba viwili juu ya duka la mbegu. Nilisoma matangazo ya mbolea, ya ng'ombe waliopotea, ya vifo. Mama alinunua redio. Aliniambia kwa simu kwamba kuku wananisikiliza vizuri kuliko zamani.

Kisha mwaka huu likatokea shambulio tena, mbali, upande mwingine wa nchi. Mkubwa wa kituo aliniletea karatasi mbio. "Soma Kiswahili, halafu uwawekee Dholuo. Dakika tano."

Niliisoma haraka kwa macho. Wote waliokuwa ndani wameokolewa.

"Bosi, orodha iko wapi?"

"Orodha gani?"

"Ya hao wote. Nani alihesabu?"

"Dada, wewe ni mkaguzi wa serikali? Soma."

Taa nyekundu ikawaka. Nilisoma Kiswahili, neno kwa neno, jiwe kwa jiwe. Nikafika mwisho. Nikavuta pumzi ya kuanza Dholuo, na nikaona, kama mtu aliyesimama mbele yangu, mwanamke fulani nisiyemjua amekaa karibu na redio yake, akingoja ile sehemu ya pili, maana ndiyo ataielewa. Kinywa changu kikasema chenyewe, hewani, "Ya Dholuo haijafika."

Bosi aligonga kioo. Mimi sikumsikia. Nilikuwa Sori, bandani, siku ya Ijumaa ile. Karatasi inakunjwa mara nne. Naibu anashuka sandukuni na miwani bado iko usoni. Hakuivua. Hakuisema kwa Dholuo. Si kipindupindu na barabara tu: kila karatasi aliyoiamini aliitia katika lugha ya mama zetu, na kila asiyoiamini aliiacha katika Kiswahili chake. Nami niliyekaa ngazini pake jioni zote zile, nikapigia mstari neno "wote", ndimi niliyekuwa nimeinama sikioni mwa mama.

Jumamosi nilikwenda Kendu Bay.

Naibu anakaa chumba kimoja kwa binti yake, karibu na soko la zamani, na redio ileile dirishani. Macho yake yamefunikwa na ukungu mweupe. Viatu vyeusi vilikuwa chini ya kitanda, vinang'aa; nani anavipiga rangi sijui. Nilipiga hodi, na kabla sijasema jina akasema, "Redio. Ingia. Nilikusikia juzi. Umefukuzwa?"

"Bado."

"Watakufukuza. Kaa."

Alinipa njugu. Tulizitafuna. Nilikuwa nimepanga maneno ya upole njia nzima, lakini lililotoka ni lile la miaka yote.

"Naibu, ulijua?"

Hakuuliza ni lipi. "Sikujua. Walinipigia wakaniambia soma, nikawauliza wafanyakazi ni akina nani, wakasema Naibu usilete maswali, watu wanalia. Nikasema sawa. Nilikuwa na karatasi, hivyo tu."

"Hukuiweka Dholuo."

"Sikuiweka."

"Mimi niliiweka."

"Najua. Nilikuwa juu ya sanduku, ningekosaje kukuona? Ulikuwa unatabasamu." Akageuza uso kuelekea kwangu, karibu sawa na mahali nilipokuwa. "Ulimwambia nini? Midomo yako niliifuata, lakini nataka unihakikishie."

"Ochieng' ngima," nikasema. Ochieng' yuko hai, mzima. Maneno mawili. Karatasi ile haikuwa na jina la Ochieng' mahali popote. Nililitia mimi, kwa furaha, kwa sababu nilitaka liwemo.

Naibu akatikisa kichwa kama anayepokea barua aliyojua itakuja.

"Mbona hukunizuia?" nikauliza. "Ungesema tu kutoka pale juu. Min Ochieng', ngoja kwanza. Ungesema."

Alitafuta miwani yake mapajani, ambayo haimsaidii tena, akaipangusa kwa gauni. "Tangu alfajiri nilikuwa nasikia kina mama wakilia. Wote. Nikaona uso mmoja umefunguka. Nikasema acha huyu alale leo, kesho nitapita nimwambie tungoje kidogo. Kesho nilipita. Nikamkuta anamfukuza kuku mweupe, anaimba. Nikarudi kutoka kwenye uzio."

"Hukuingia."

"Sikuingia. Mimi nilikuwa nawachunguza watu wa redioni kila jioni, Redio, na nilitaka iwe kweli kama wewe."

Nje mtu alikuwa anauza viazi kwa sauti. Nilimuuliza kwa nini aliacha ufuo mzima umlaumu, wakati neno moja lingemwondolea.

"Kwani nani alisimama sandukuni? Na mama yako alijua nani alimwambia. Akichagua kunitaja mimi badala yako, mimi ni nani nimsahihishe?"

Nikakumbuka mama akitazama sufuria. Mchanga. Mikono yake. Miaka yote sikujiuliza kwa nini hakuweza kulisema lile neno akinitazama mimi.

Sikulia, ingawa mimi ni wa kulia karibu. Naibu alinyoosha mkono akaizima redio, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya kabla habari hazijaisha.

"Siku ya mazishi waliniomba ya Dholuo nikasema sina," akasema. "Haijasomwa mpaka leo. Isome."

"Sina karatasi."

"Kwani ile ya kwanza ulikuwa na karatasi?"

Nikaweka njugu chini. Nikakaa wima kama studioni. Nikasema kwa Dholuo, polepole, neno kwa neno: kwamba Ochieng', mtoto wa mama yangu, alikuwa anasafisha sakafu katika jengo lile, amevaa aproni ya kijani. Kwamba alikufa humo siku ya Alhamisi. Kwamba waliohesabu hawakumhesabu. Kwamba siku ya Ijumaa dada yake alimwambia mama yao kuwa yu hai, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia hivyo. Kwamba kuku mweupe alirudishwa. Sikusema zaidi, kwa sababu zaidi ya hapo sikujua.

Naibu alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, kama alivyosikiliza habari za saa moja. Nilipomaliza aliinua kichwa.

"Nani amesaini?" akauliza.

"Mimi," nikasema.